Plasta, chingamu na vidonge vya kuachia sigara: kipi kinamfaa anayetibiwa saratani

Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi la dawa ya kuachia sigara imeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye afya yake, aliyechoka tu kunuka moshi. Inamwambia atafune chingamu nusu saa. Haijui kwamba anayeisoma yuko wiki ya tano ya mionzi ya shingo na mdomo umechubuka kiasi kwamba hata chai iliyopoa inamchoma. Inamwambia ameze kidonge mara mbili kwa siku. Haijui kwamba figo zake zimeshaguswa na cisplatin, dawa ya kemo. Ndiyo maana hapa hatuulizi dawa ipi ni nzuri kuliko zote. Tunauliza ipi itamfaa mgonjwa huyu, mwenye saratani ya mahali fulani, aliye kwenye matibabu fulani, na itamkwamisha wapi.

Kabla ya bidhaa, kuna swali ambalo familia nyingi hulimeza: ugonjwa ameshaupata, kuacha sigara sasa kunasaidia nini? Kunasaidia sana. Utafiti wa Urusi uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia wagonjwa 517 wa saratani ya mapafu iliyogunduliwa mapema, wote wakiwa wavutaji siku walipopewa majibu. Nusu ya walioacha baada ya majibu walifikisha miaka 6.6 au zaidi. Kwa walioendelea kuvuta, nusu walifikisha 4.8. Sababu nyingine ni ya kimatibabu zaidi. Kaboni monoksaidi ya moshi hukalia nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mionzi inahitaji oksijeni ndani ya uvimbe ili ifanye kazi vizuri. Kidonda cha upasuaji nacho hufunga polepole kwa mvutaji.

Hofu ya pili ni ya nikotini yenyewe: kumpa mgonjwa nikotini si kumwongezea? Anayevuta tayari anaipata nikotini hiyo, tena ikiwa imebebwa na moshi wenye kemikali zaidi ya 70 zinazojulikana kuleta saratani. Plasta inampa nikotini bila moshi. Dawa ya moto ni moto, ila huu hauna majivu.

Hesabu kwanza, dukani baadaye

Kosa la kwanza hufanyika kaunta ya famasia. Muuzaji anauliza, "Anavuta pakiti ngapi kwa siku?" Aliyetumwa anajibu, "Hanunui pakiti." Ni kweli, kwa sababu kwetu wengi hununua sigara moja moja kibandani. Basi anapewa plasta ndogo kabisa ya mg 7 "ya kuanzia", na baada ya siku mbili mgonjwa karudi kibandani, familia inasema dawa haifanyi kazi.

Maswali ya kuuliza ni mawili. Sigara ngapi kwa siku, na tangu aamke hadi awashe ya kwanza zinapita dakika ngapi? Anayewasha ndani ya dakika 30 ana utegemezi mkubwa hata kama kwa siku havuti zaidi ya nane. Na usihesabu sigara za wiki hii peke yake. Wagonjwa wengi hupunguza wenyewe wakishaanza kukohoa au pesa ikiisha, lakini kila pafu linavutwa kwa nguvu, mpaka kipisi kinaunguza vidole. Uliza pia alikuwa anavuta ngapi kabla ya kuugua. Ukimpimia dozi kwa sigara tano za leo na kusahau ishirini za mwaka jana, umempunja.

Plasta ya nikotini: 9/10

Kwa mgonjwa wa saratani, hii ndiyo ya kuanzia. Haipiti mdomoni, haipiti tumboni, haihitaji mate wala meno. Inamfaa mwenye saratani ya koo la chakula ambaye hata uji unamkwama, inamfaa anayelishwa kwa mpira, na inamfaa anayetapika siku tatu baada ya kila dripu ya kemo. Tena ni mara moja kwa siku, kwa mtu ambaye mezani kwake tayari pana vidonge vya kila rangi.

Zipo za aina mbili, na namba zake zisichanganywe. Za saa 24 huja kwa mg 21, 14 na 7. Za saa 16, zinazobanduliwa usiku, huja kwa mg 25, 15 na 10. Ile ya 25 si "kali" kuliko ya 21. Muda tu ndio tofauti. Kwa aina ya saa 24, anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na mg 21 kwa wiki 6, kisha mg 14 kwa wiki 2, kisha mg 7 kwa wiki 2. Jumla ni plasta 70: 42, 14 na 14. Anayevuta 10 au chini huanza na mg 14 kwa wiki 6, akamalizia na mg 7 kwa wiki 2. Huo ndio muda wa chini. Wataalamu wa saratani hupenda tiba ifike wiki 12 na zaidi, kwa sababu matibabu yenyewe huchukua miezi na kila awamu inakuja na hofu yake.

Jinsi ya kubandika kunaonekana jambo dogo, lakini plasta nyingi hupotelea hapo. Ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi au losheni asubuhi haishiki kitu. Plasta itaonekana imekaa, saa nne baadaye iko ndani ya shati. Bandika kabla ya kujipaka mafuta. Osha sehemu kwa maji na sabuni ya kawaida, suuza, kausha kabisa kwa taulo. Chagua sehemu isiyo na nywele wala kidonda: upande wa nje wa mkono juu ya kiwiko, kifua au mgongo. Bandua nusu ya karatasi ya nyuma, weka, vuta nusu iliyobaki, kisha gandamiza kwa kiganja ukihesabu hadi kumi na upitishe kidole kwenye kingo. Nawa mikono kabla ya kugusa macho. Kesho badilisha mahali, na usirudi pale pa leo mpaka wiki ipite. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, kingo zikianza kunyanyuka kwa jasho, zungushia utepe wa hospitali. Ikidondoka, bandika mpya, na kesho endelea kwa saa ileile ya kawaida.

Mgonjwa wa saratani ana makatazo yake ambayo hayamo kwenye boksi. Usibandike kwenye eneo linalopigwa mionzi, hata kama ngozi inaonekana nzima. Usibandike kwenye mkono uliovimba baada ya kutolewa tezi za kwapani, wala karibu na mpira wa dripu wa kudumu kifuani, wala kwenye ngozi iliyotoka vipele vya dawa. Akiitwa kipimo cha MRI, plasta itoke kabla hajaingia: baadhi zina tabaka la madini nyuma lisiloonekana kwa macho, na hilo hupata moto ndani ya mashine na kuunguza ngozi. Mpya ibandikwe akitoka. Chupa ya maji ya moto ya kupooza maumivu ya mgongo isikae juu ya plasta, maana joto huharakisha nikotini kuingia mwilini.

Wekundu na kuwasha kidogo saa ya kwanza ni kawaida. Ukibaki siku nne, au ukitoka malengelenge, aina hiyo haimfai. Krimu ya hydrocortisone ya asilimia 1 inapakwa pale plasta ilipotoka, kamwe si pale inapokwenda. Ndoto kali, zile za mtu kuamka anahema, hutokana na nikotini ya usiku: abandue akienda kulala. Lakini anayewasha sigara kabla hajashuka kitandani atateseka asubuhi, kwa hiyo huyo aweke dawa ya haraka mkononi kabla ya kulala, tutaifikia.

Halafu kuna mkasi. Plasta ni ghali, na familia inaona busara kuikata ya mg 21 vipande vitatu ili itoshe siku tatu. Ukiikata hujui tena anapata kiasi gani, na kingo zilizokatwa hukauka. Kama pesa haitoshi, ni bora kumwambia daktari mapema apange dawa nyingine kuliko kumpa mtu theluthi ya dozi na kumlaumu kwa kushindwa.

Kichefuchefu kinachanganya. Ni cha kemo au cha plasta? Angalia kilianza lini. Kikija saa chache baada ya kubandika plasta ya kwanza au baada ya kuongeza ukubwa, kikiwa na mapigo ya moyo ya haraka, jasho jembamba na kichwa kuuma, ni nikotini imezidi. Bandua, lakini jua kwamba iliyokwisha kuingia kwenye ngozi itaendelea kupita kwa saa kadhaa. Kikifuata ratiba ya dripu, plasta haina kosa. Na mtu mwenye hasira, asiyetulia, anayezunguka nyumba kutafuta kiberiti, hajazidiwa na nikotini. Ana arosto, dozi haijamtosha.

Alama moja tumeitoa kwa sababu plasta ni ya polepole. Huchukua saa kadhaa kufika juu, na haiwezi kuzima hamu inayoruka ghafla baada ya chakula au baada ya simu ya hospitali.

Chingamu na peremende za nikotini: 6/10, lakini 2/10 kwa saratani ya mdomo na koo

Hakuna bidhaa inayotumiwa vibaya kama hii, na kosa ni kwamba inafanana na bigijii. Mtu anaitafuna mfululizo kama bigijii, anameza mate, na nikotini yote inakwenda tumboni ambako haifanyi kazi iliyokusudiwa. Anaishia na kwikwi, kiungulia na tumbo kuuma, kisha anatupa boksi.

Hutafunwa taratibu, mara chache, mpaka ladha ya pilipili au mchonyoto uanze. Hapo inasimamishwa, inawekwa kati ya shavu na fizi, na inaachwa. Mchonyoto ukipotea, tafuna tena kidogo, hamisha upande. Nusu saa imekwisha. Nikotini huingia kupitia ngozi ya ndani ya shavu, na hiyo haitaki uchachu: kahawa, soda, juisi ya machungwa au chai ya limau ndani ya dakika 15 kabla, na wakati wa kutafuna, huharibu kazi. Maji ya kawaida hayana neno.

Zipo za mg 2 na mg 4. Anayewasha ndani ya dakika 30 za kuamka achukue mg 4. Wiki 6 za kwanza ni moja kila baada ya saa 1 hadi 2, na ikiwa ndiyo dawa pekee anayotumia zisipungue 9 kwa siku. Hiyo ni vipande 378 kwa wiki sita. Wengi hununua boksi moja, wanatafuna tatu kwa siku, na wanashangaa. Mwisho ni 24 kwa siku.

Peremende hufuata saa zilezile, nazo ni za mg 2 na 4. Haitafunwi wala haimezwi. Inayeyuka yenyewe dakika 20 hadi 30, ikihamishwa upande mmoja hadi mwingine. Zisizidi 5 ndani ya saa 6, wala 20 kwa siku. Ni nafuu kwa wenye meno ya bandia, ambao chingamu huwanasa.

Sasa, mdomo. Mionzi ya kichwa na shingo hukausha mate, na bila mate peremende inakaa kama jiwe. Kemo yenye fluorouracil au methotrexate huweza kuleta vidonda kinywani, na juu ya kidonda nikotini huuma kama chumvi. Mwenye saratani ya koo la chakula, kiungulia cha chingamu kinamwongezea adha juu ya adha. Kwa hao tunatoa 2. Kwa mwenye saratani ya titi, ya kibofu au ya shingo ya kizazi ambaye mdomo wake ni mzima, ni dawa nzuri, hasa ikiwekwa juu ya plasta.

Maana hapo ndipo siri ilipo. Plasta inashika siku nzima; chingamu au peremende inazima hamu ya ghafla. Tafiti nyingi zikiwekwa pamoja zimeonyesha kwamba kuchanganya plasta na kimojawapo cha haraka huongeza wanaofaulu kwa takriban robo, ukilinganisha na kutumia kimoja peke yake. Wauzaji wengine hukataa kuuza vyote viwili kwa pamoja wakiogopa kuzidisha. Woga huo hauna msingi kwa mtu aliyekuwa anavuta pakiti nzima. Shida anayokutana nayo zaidi ni kupungukiwa.

Varenicline: 8/10, ukishaona majibu ya figo

Kidonge hiki hakina nikotini. Hukalia mlango uleule ambao nikotini huingilia kwenye ubongo, kikaufungua nusu: arosto inapungua, na sigara ikivutwa haina utamu wake. Peke yake kinakaribia nguvu ya plasta na chingamu kwa pamoja.

Ratiba: siku 1 hadi 3, mg 0.5 mara moja; siku 4 hadi 7, mg 0.5 mara mbili. Kuanzia siku ya 8, mg 1 mara mbili, hadi wiki 12 zitimie. Sigara huachwa siku ya 8. Hesabu yake ni vidonge 11 vidogo na 154 vikubwa. Asiyeweza kukata ghafla anaruhusiwa kushuka taratibu: apunguze nusu ndani ya wiki 4, nusu tena wiki 4 zinazofuata, na ifikapo wiki ya 12 awe ameacha, akiendelea na dawa hadi wiki 24.

Uzuri wake kwa mgonjwa wa saratani ni kwamba haupiti sana kwenye ini, hivyo haugombani na dawa zake nyingi. Hutoka kwa njia ya figo. Na hapo ndipo tahadhari ilipo: cisplatin huumiza figo. Uchujaji wa figo ukishuka chini ya ml 30 kwa dakika, kiwango cha juu ni mg 0.5 mara mbili. Kipimo cha creatinine, kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, cha mwezi uliopita hakitoshi kwa mtu ambaye amepata dripu mbili tangu hapo.

Kichefuchefu ndicho kinachowatoa wengi. Kimezwe baada ya kula, kwa glasi kamili ya maji, si kwa funda moja. Siku za dripu, ameze dawa ya kuzuia kutapika kwanza, aipe nafasi, ale kidogo, ndipo ameze. Kidonge cha jioni kikileta ndoto, kisogezwe mapema, wakati wa chakula cha jioni badala ya kitandani.

Sifa mbaya ya zamani, kwamba kinaharibu akili, bado inatembea. Marekani iliweka onyo kali juu yake mwaka 2009. Mwaka 2016 ulitoka utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 8,000, wakiwemo wenye historia ya magonjwa ya akili, na haukuonyesha ongezeko la maana la matatizo hayo. Mwaka huohuo onyo likaondolewa. Mwaka 2021 kampuni ya Pfizer iliirudisha dawa yake kutoka sokoni kwa sababu ya nitrosamini, kemikali inayoweza kuleta saratani, iliyozidi kiwango, na sasa zinapatikana za watengenezaji wengine. Huku kwetu si kila famasia inayo. Iulizie kabla ya kupanga tarehe ya kuacha.

Bupropion: 3/10 kwa wagonjwa hawa

Kwa mtu mwingine tungeipa 7. Ni ya bei ya chini na haileti unene. Humezwa mg 150 mara moja kwa siku 3, kisha mara mbili, dozi zikipishana saa 8 au zaidi, ikianzwa wiki moja au mbili kabla ya siku ya kuacha, kwa wiki 7 hadi 12.

Lakini inashusha kinga ya ubongo dhidi ya degedege. Mwenye uvimbe kwenye ubongo, au ambaye saratani ya mapafu au ya titi imesambaa kichwani, hapaswi kuigusa, wala mwenye kifafa, wala mnywaji wa pombe nyingi anayeacha ghafla. Vilevile inazuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6. Tamoxifen ya saratani ya titi hutegemea kimeng'enya hichohicho ili igeuke kuwa dawa yenye nguvu. Codeine na tramadol nazo hutegemea hicho ili zitulize maumivu. Na tramadol yenyewe inaweza kuleta degedege, kwa hiyo ikiwekwa pamoja na bupropion hatari inaongezeka huku maumivu yakibaki palepale. Ukifikiria ni wagonjwa wangapi wa saratani wanatembea na tramadol mfukoni, utaelewa alama zetu.

Cytisine, ndugu wa zamani wa varenicline iliyotumika miaka mingi Ulaya Mashariki, haitusumbui sana hapa. Ni vidonge vya mg 1.5 kwa siku 25, ukianza na 6 kwa siku na kuacha sigara kabla siku ya 5 haijapita. Shirika la Afya Duniani liliitaja mwaka 2024 katika mwongozo wake wa tiba ya kuacha tumbaku, sambamba na nikotini ya tiba, varenicline na bupropion. Kwa mwenye figo dhaifu aiache.

Vinavyouzwa kama msaada na si msaada

Ugoro ni tumbaku, tena yenye nitrosamini zake, na mtu aliyehama sigara akaenda kwenye ugoro hajaacha. Shisha, iliyopigwa marufuku Tanzania mwaka 2016 na Kenya mwaka 2017, inaongezea kaboni monoksaidi ya mkaa. Vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo na vepu si dawa zilizopimwa kwa mgonjwa wa saratani. Vifuko humkera mwenye vidonda vya kinywa kuliko hata peremende. Miraa nayo tuitaje, kwa sababu wengi hawavuti mchana kutwa ila wakikaa kutafuna. Ukiacha kimoja na kubaki na kijiwe kilekile, hesabu jioni hiyo kuwa ndiyo ngumu kuliko zote na uende na chingamu mfukoni.

Huduma ya ushauri: ipo inayofaa na ipo ya kuandika jina tu

Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wapya wa saratani 303 kwenye hospitali mbili kubwa za Boston na New York. Kundi moja lilipewa simu nne za ushauri na maelezo ya dawa. Jingine lilipewa hizo nne, nne nyingine kila wiki mbili, tatu za kila mwezi, na dawa bure. Baada ya miezi sita, walioacha kwa kuthibitishwa na vipimo walikuwa asilimia 21.5 kwa kundi la kwanza na 34.5 kwa la pili. Kwa hiyo ukiulizia huduma, usiulize kama "wanatoa ushauri". Uliza watampigia mara ngapi, nani atampigia, na kama simu ya kwanza itakuja ndani ya wiki mbili za kuanza dawa. Nchini Kenya namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, hupokea pia wanaotaka kuacha tumbaku. Penye kitengo cha saratani, muuguzi wa kliniki anayemwona mgonjwa kila wiki tatu kwa dripu ndiye mshauri wa karibu kuliko wote, akipewa dakika zake tano.

Kliniki nzuri ina kifaa cha kupulizia kinachopima kaboni monoksaidi. Mvutaji hupuliza na namba inapanda. Asiyevuta hukaa chini ya 6 au hivi. Gesi hiyo hupungua nusu kila baada ya saa nne au tano, kwa hiyo siku moja au mbili bila sigara tayari zinaonekana kwenye kioo. Kipimo cha cotinine, mabaki ya nikotini, kwenye mkojo hakimfai aliye kwenye plasta, kitasoma nikotini ya plasta na kumwita mwongo.

Na mshauri anayejua kazi atauliza dawa za hospitali, kwa sababu moshi, si nikotini, huharakisha ini kuziunguza baadhi yake. Erlotinib, kidonge cha saratani ya mapafu, hupungua nguvu kwa mvutaji. Aliyekuwa ameongezewa dozi kwa sababu ya sigara lazima apunguziwe mara tu akiacha. Irinotecan, dawa ya kemo, nayo huathirika. Olanzapine, inayotolewa siku hizi kuzuia kutapika, hupanda kwenye damu baada ya kuacha, na mgonjwa anaanza kusinzia mchana. Hata kahawa: vikombe vilevile vitatu sasa vinamtetemesha, na anadhani ni arosto. Apunguze nusu.

Siku za mwanzo

Siku tatu za kwanza ndizo kali. Hamu moja hupita ndani ya dakika chache kama haijapewa kiberiti. Choo kinafunga, kwa sababu nikotini ilikuwa inausukuma utumbo. Mwenye morphine hufunga mara mbili, basi dawa ya kulainisha choo ianze siku ileile. Kikohozi kinaweza kuongezeka kidogo kwanza. Hamu ya kula inarudi, na kwa mtu aliyepungua kilo kumi hiyo ni zawadi.

Akivuta moja, plasta ibaki mahali pake. Wengi huibandua kwa woga na aibu, ndipo wanaporudi moja kwa moja. Aendelee na dozi, na atafute ile moja ilikuja saa ngapi na kwa nani. Asigombezwe. Aliyegombezwa huficha, na mwenye mtungi wa oksijeni nyumbani anayevuta kwa kuficha chini ya shuka anaweza kujichoma moto yeye na godoro. Nyumba yenye oksijeni haina kiberiti, wala mshumaa, wala mgeni anayevutia dirishani.

Kwa upasuaji, wiki nne bila sigara kabla ya kisu hupunguza matatizo ya kidonda na kifua, lakini upasuaji wa saratani hausogezwi mbele kwa ajili hiyo. Daktari anayehamisha nyama kuziba pengo la taya anaweza kukataa hata plasta, aulizwe yeye.

Ukinunua, angalia tarehe ya mwisho na mg zilizoandikwa kwenye pakiti ya ndani, si boksi peke yake. Chukua za wiki mbili kwanza, plasta 14, uone kama ngozi inazikubali. Iliyotumika bado ina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto, hivyo ikunjwe gundi kwa gundi kabla ya kutupwa. Na rudi famasia siku ya 10, usingoje ya 14, maana dawa hizi hukatika madukani bila taarifa.